Ndururu Juu ya Barafu

Ndani ya friza yangu, nyuma ya mifuko ya kuku na bamia, mna kikombe cha bati chenye maji yaliyoganda, na juu ya barafu yake imelala ndururu, ile sarafu ya zamani yenye tundu katikati. Wageni wakiiona hunitazama kwa jicho la pembeni. Mmoja aliniuliza kama ni mambo ya uganga. Nikamwambia ni mambo ya mama yangu, nikaishia hapo, maana alikuja kunywa maji tu na maji nilikuwa sijampa.

Friji ya mama haikukaa jikoni. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na jiko dogo mno, ukigeuka umeangusha sufuria, kwa hivyo friji ilikaa ukumbini pamoja na viti vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kichwani. Siku ilipoletwa haikupita kwenye ngazi. Ilibidi ivutwe kwa kamba mpaka kwenye roshani, mtaa mzima ukitazama na kila mtu akitoa amri yake. Ilipotua, mama aliipima shibiri moja kutoka ukutani.

"Nayo yataka kupumua," alisema, na shibiri ile ililindwa miaka yote. Ole wake aliyeisukuma akipiga deki.

Sheria za friji tulizijua kabla ya kujua kusoma. Chungu cha moto hakiingii mpaka kipoe. Samaki na nyama mbichi hukaa chini kabisa, ndani ya bakuli, zisije zikadondokea maziwa. Barafu ikinenepa kwenye kuta za friza, friji huzimwa, mlango ukaachwa wazi na beseni likawekwa chini. Kisu hakigusi pale, hata barafu iwe na kiburi cha namna gani. Mpira wa mlango hufutwa kila Ijumaa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kusimama mbele ya mlango ulio wazi ukiwaza utakula nini. Sisi watoto tulilipenda kosa hilo, hasa siku za joto kali, ule ubaridi ulipotupiga tumboni. Mama hakuhitaji kutuona. Alikuwa jikoni na masikio yake yalikuwa ukumbini.

"Funga huo mlango. Wapoza mtaa?"

Stima kwetu ilipotea ilipotaka, ikarudi ilipotaka. Tukiwa nyumbani hapakuwa na taabu: hakuna kufungua, na friza iliyojaa ingestahimili. Taabu ilikuwa tukisafiri, kwa sababu hatukujua kilichotokea nyuma yetu. Hapo ndipo ndururu, ambayo mama aliachiwa na mama yake, ilipopata kazi. Mama aligandisha maji kikombeni, akailaza juu ya barafu, tukafunga nyumba. Tukirudi tukaikuta juu, vitu vyote ni salama. Tukiikuta imezama, basi barafu iliyeyuka, vitu vikaharibika, kisha stima ikarudi ikavigandisha tena vikaonekana vizima.

"Stima ikirudi," mama alituambia, "hugandisha hata uwongo."

Baba hakuipenda ndururu hata kidogo. Alikuwa karani bandarini, mtu ambaye ukoko wa wali haukutupwa akiwepo. Safari moja tulirudi kutoka Lamu, ndururu ikaonekana imezama, na ndani ya friza mlikuwa na nguru mnene ambaye baba alimnunua kwa mikono yake na kumsifu njia nzima. Alimshika mkia, akamgonga mezani tumsikie.

"Nguru mzima huyu, bibi. Mguse, mgumu kama jiwe."

"Mgumu sasa," mama akasema. "Jana alikuwa nini?"

Baba akaomba basi angalau wapewe paka wa kichochoroni, waliokwisha kujipanga mlangoni.

"Paka nao wana matumbo," mama akasema. Akamtia nguru kwenye mifuko miwili, akaifunga mafundo mawili, akampeleka jaani mwenyewe. Baba alimlilia yule samaki wiki nzima, na kila aliyekuja kutuamkia alisimuliwa msiba wake.

Mama alifariki mwezi wa Shaabani. Siku chache kabla yake tulikuwa tumekaa mkekani, mimi na yeye, tukikunja sambusa za Ramadhani kama kila mwaka: manda upande mmoja, kima cha nyama upande mwingine, na kibakuli cha unga uliokorogwa wa kugandishia pembe. Pembe zake zilifunga sawasawa. Zangu zilivuja, na alinitania kwamba mume wangu atafuturu mafuta matupu. Tulizipanga kwenye vifuko, tukavijaza friza, akaufunga mlango akiwa ameridhika. Ndiyo kazi ya mwisho niliyofanya naye.

Ramadhani ilipoingia tulizikaanga. Ni nani angekuwa na nguvu ya kukunja nyingine? Futari ya kwanza nilikula nikilia, na sambusa zilikuwa tamu, na mimi nilichukia kwamba zilikuwa tamu. Tuliendelea hivyo, vifuko vikipungua, mpaka karibu na Idi nilipofungua friza nikakuta kimebaki kimoja. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hicho kiacheni," alisema.

Kikaachwa. Mfungo ukaisha, miezi ikapita, na kile kifuko kikawa na kona yake ambayo hakuna mtu aliyeisogelea. Siku za kuyeyusha barafu baba alikitoa mwenyewe, akakizungushia magazeti na taulo, akakitia kwenye ndoo ya barafu, akakaa na ndoo magotini mpaka friza ikakauka. Nilimwambia kwa upole kwamba sambusa hazikai milele. Akanijibu kwamba hajasema anataka kuzila. Nilimwelewa. Nguo za mama tulikuwa tumezigawa, na kitandani hapakuwa na harufu yake tena. Kilichobaki cha mikono yake kilikuwa mle ndani, na baba alikuwa analinda hicho. Mimi pia nilitaka kilindwe, nisijifanye kuwa na busara zaidi yake.

Mwaka uliofuata tulialikwa arusi Malindi, mimi na baba. Kabla ya kuondoka nilimkuta ukumbini na kile kikombe cha bati, akiilaza ndururu juu ya barafu kwa uangalifu. Nilitaka kumcheka, baada ya vita vyote vile. Sikuweza.

Tuliporudi, friji ilikuwa inanguruma kama kawaida. Jirani yetu wa chini, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alikuwa ametuambia mlangoni kwamba stima ilipotea kidogo tu, hakuna la kuhofia. Baba hakuvua hata kofia. Alifungua friza, akakitoa kikombe. Juu ya barafu hapakuwa na kitu. Akakipitisha chini ya maji ya mfereji, barafu ikatoka nzima ikakaa kiganjani mwake, akaigeuza. Ndururu ilikuwa upande wa chini kabisa.

Nilikichukua kile kifuko upesi. Sambusa zilikuwa nzuri, zimejipanga vile vile, pembe zimefunga sawasawa. Nilimhofia baba, na nilijihofia mimi.

"Baba, hazina neno," nikamwambia. "Zishike. Ngumu kama mawe."

"Ngumu sasa," baba akasema. "Jana zilikuwa nini?"

Sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa ya mama, hata kile kituo kidogo cha katikati. Tulitazamana. Nilimwona anataka kutabasamu, na midomo ikamkatalia.

Alitafuta mifuko miwili. Akakitia kile kifuko ndani, akafunga fundo, akafunga la pili. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akakataa. Nilisimama kwenye roshani nikamtazama akitoka kichochoroni na paka wawili nyuma yake, akiwafukuza kwa mguu, mfuko ameukumbatia kifuani. Nililia pale juu bila kujificha, kama nilivyolia siku ya maziko.

Aliporudi aliniambia nizime friji. Tulitoa rafu zote, tukaziosha kwa maji ya vuguvugu na magadi, tukaupangusa mpira wa mlango pembe kwa pembe, ingawa haikuwa Ijumaa. Baba alipima shibiri yake ukutani, akaisogeza friji kidogo. Tulipoiwasha akajaza kikombe maji, akakiingiza katika ile kona iliyokuwa ya kifuko. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, ndururu mkononi, akasubiri.

Maji yalipoganda ilikuwa adhana ya magharibi imekaribia. Aliifungua friza, akailaza ndururu katikati ya barafu, akaitazama kidogo. Halafu akaufunga mlango haraka, asije akaambiwa anapoza mtaa.