Chanya Yako na Chanya Yangu

Wateja walimwita Mama Vifungo. Alikuwa fundi cherehani mwenye maneno: ukilalamika gauni linabana, atakujibu, "Gauni halijapungua, shoga." Kaka yake alipofariki kwa ugonjwa wa ini, daktari aliwashauri ndugu wote wapimwe homa ya ini B. Akaenda kimyakimya, bila kumwambia mumewe.

Maabara walimkabidhi karatasi bila maelezo. Mistari mitatu, miwili ikisema chanya. Macho yake yakaingia giza.

Wiki tatu alikufa akiwa hai. Alitenga kikombe chake, akahamia kulala kwenye mkeka chumba cha kushonea, akamkataza binti yake wa miaka minne kumkumbatia. Mtoto akawa analia mlangoni, "Mama, nimekosa nini?" Sindano ikimchoma, alitupa kitambaa chote cha mteja kwa kuogopa damu yake. Mumewe, fundi rangi wa majengo, uzalendo ulipomshinda alimuuliza, "Mke wangu, umepata mwanamume mwingine?" Ndipo akamtupia ile karatasi na kuangua kilio.

Asubuhi wakaongozana hadi zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, akaisoma taratibu.

"Nani kakwambia unaumwa?"

"Si chanya hizo?"

"Chanya ya nini, mwanangu? Mstari wa kwanza ndio unaokitafuta kirusi chenyewe, nao ni hasi. Hii miwili ni kinga yako. Mmoja unasema kirusi kiliwahi kuingia, mwingine unasema mwili ulikishinda. Labda ulikuwa mtoto, wala hukujua. Humwambukizi mtu. Na hata ungekuwa nacho, hakiambukizi kwa kikombe wala kwa kukumbatiana."

Alicheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi akamgeukia mume. "Na wewe, baba?"

"Nipime tu. Mimi damu yangu ni rangi ya mafuta, haiingii kitu."

Majibu yake yalipotoka, muuguzi hakutabasamu. Mstari wa kwanza: chanya. Kinga ya ushindi: hasi.

"Huenda kimeingia karibuni, na mwili utakitoa," alisema. "Rudi baada ya miezi sita. Kikiwa bado kipo, tutauita ugonjwa sugu."

Miezi sita hiyo mume aliacha pombe, akawa anachungulia weupe wa macho yake, kama umegeuka manjano, kila akipita kwenye kioo. Mke alisali huku akikanyaga cherehani. Mtoto alipimwa, akakutwa salama, chanjo zake zote zimekamilika.

Siku ikafika. Bado chanya.

"Ini lako halijaharibika," muuguzi aliwaambia. "Dawa ya kukifukuza kabisa hatuna. Ya kukituliza ipo, ukiihitaji. Utapimwa kila baada ya miezi sita, maisha yako yote."

Walikaa kwenye benchi la nje. Mume akaukunja mkono wake uliojaa madoa ya rangi.

"Mwili wako uliweza," alisema. "Wangu umeshindwa nini?"

Mama Vifungo, yule asiyekosa jibu, akaushika tu ule mkono wenye madoa. Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akawainamia kwa huruma.

"Poleni, wanangu. Mmefiwa?"

"Hapana, bibi," mume alijibu. "Bado."