Kugeuza Mgongo

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nilikuwa nakosea kwa makusudi. Niliwaambia ndugu zangu kuwa magoti yalikuwa yamechoka, kuwa chuo kikuu kilikuwa kimeniharibu. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Nilikuwa mwalimu wa ngoma. Nilianza na kikundi cha kiwanda cha umma. Tulicheza sindimba ya Wamakonde mbele ya viongozi, nami ni Mmeru niliyeisoma darasani. Kiwanda kilipouzwa, nikafundisha rumba na disko katika ukumbi wa kukodi kule Kimandolu. Kisha hoteli mpya ya watalii ikataka kitu cha asili yangu mwenyewe, nikagundua sina.

Nikapanda mlimani, Nkoaranga, kwa bibi, mama yake baba, aliyeacha ngoma siku alipobatizwa. Nilitegemea mahubiri. Badala yake alifunga mlango, akakaza khanga kiunoni, akaanza kunifundisha ngoma ya kumsindikiza bibi harusi. Kila Jumamosi kipande kimoja. Mwishoni, alisema, wazee humgeuzia binti mgongo, wakaondoka bila kuangalia nyuma. Kipande hicho cha mwisho angenipa nikishajua vingine vyote.

Nilifurahi, mpaka nilipoona kwamba kila nikienda nyumba imepungua kitu. Kwanza kinu, alikuwa amempa jirani. Kisha mbuzi. Kisha blanketi zito, na baridi ya mlimani ndiyo kwanza inaingia. Nilipouliza, akasema vitu vinamlemea. Shangazi akanivuta kwenye migomba.

"Wewe msomi, huoni kwamba anafunga mizigo?"

Tangu siku hiyo miguu yangu ikawa mijinga. Panapotakiwa kulia, nilikanyaga kushoto. Niligongana na kiti.

"Na huko mjini wanakuita mwalimu?" bibi alisema, akicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hakikuisha upesi. Tukarudia. Hoteli iliponihimiza, niliwaambia bibi amesahau mwisho wa ngoma.

Mvua za vuli zilipoanza, wakamlaza hospitali. Mimi nilikuwa mapokezi pale hotelini, nikiomba muda zaidi kwa uongo uleule, simu ilipolia na ikawa yangu. Alikuwa muuguzi, anaongea kwa sauti ya chini.

"Dada, bibi yako amenituma, na amesema nikwambie hivihivi: 'Acha kujifanya hujui. Njoo leo, nimechoka kukungoja.'"