Bastola Iliyotoka Ukutani kwa Babu

Mvua ilibomoa ukuta wa chumba cha uani, kwenye nyumba aliyojenga babu yangu hapa Ujiji, na mpangaji wangu, aliyeishi humo, akaanza kuukandika upya bila kuombwa. Asubuhi moja alinijia na kitu kilichofungwa kitambaa cha kaki kilichooza.

"Shikamoo, mama. Hiki kilikuwa ndani ya ukuta."

Ilikuwa bastola ya kizamani, yenye mtutu mrefu. Kabla hajanikabidhi alichomoa magazini, kile kibweta cha risasi, akachungulia kama kina kitu, akaielekeza bastola chini. Mkulima wa Kasulu, kama alivyojitambulisha, amejifunzia wapi hayo? Kiha chake nilikitilia shaka tangu siku ya kwanza. Miaka ile Warundi walikuwa wakivuka mpaka kila wiki, na aliyekutwa nje ya kambi ya wakimbizi bila kibali alikamatwa na kurudishwa kwao.

"Umeificha wewe," nilimwambia.

"Oya, mama, si mimi. Tazama udongo."

Akaweka dirishani kwangu donge la udongo mkavu lililobanduka ukutani pamoja na bastola. Sikuligusa. Nilikuwa mwalimu wa historia, sikuhitaji kufundishwa ushahidi na mtu wa kukandika.

Siku hiyohiyo nilimnong'oneza balozi wa nyumba kumi kwamba mpangaji wangu si Muha. Bastola sikuitaja. Niliificha kwenye debe la unga, maana niliitaka mwenyewe, niijue imetoka wapi. Nilinakili alama yake kwenye karatasi, taji na chini yake herufi M, kesho yake nikampelekea padri mmoja mzee mwenye vitabu vingi.

"Hii ni ya jeshi la majini la Wajerumani," alisema. "Chache sana zilifika ziwani, na mabaharia wao."

Hata hapo nilijiambia: basi kaiba mahali.

Niliporudi, chumba cha uani kilikuwa wazi. Udongo ndani ya ndoo yake ulikuwa bado mbichi. Jirani alisema polisi walikuja na balozi, na mpangaji hakubishana nao.

Ndipo nikalichukua lile donge. Upande mmoja ulikuwa na alama za nyuzi za kaki, zimejichapa vizuri kabisa. Udongo mkavu hauchapiki. Bastola iliwekwa ukuta ukiwa mbichi, siku nyumba inajengwa. Aliyeujenga ni babu, ambaye maisha yake yote alisema vita ya Wajerumani ilimkuta milimani akikata kuni.

Niliona aibu. Nilikwenda kituoni na bastola ndani ya kikapu. Lori la mpakani lilikuwa limeshaondoka naye.

Niliiweka bastola mezani. "Hii ni ya kwetu," nilisema. "Babu yangu aliificha."

Askari aliandika maelezo yangu, akanishukuru kwa uaminifu, akaniambia niende zangu nyumbani.