Safari ya Sufuria Hadi Pioneer Kutiwa Swichi ya Feni

Tulitoka Moiben kwa sababu maziwa yalirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne, mara ya pili Ijumaa. Mara zote mbili pikipiki yetu ya tairi tatu, ile yenye sanduku la mizigo nyuma, ilichemka kwenye kilima cha kanisa, ikasimama ikitoa mvuke kama jiko la harusi, na maziwa ya akina mama wa kikundi yakakaa juani mpaka kituo cha kupokea maziwa kikayakataa. Anayeendesha ni mjukuu wangu Jeptoo, ambaye kwake mimi ni Kogo, yaani nyanya, kama nanyi mnavyoniita. Ana miaka ishirini na sita, kazi nyingine hana, na hii ya kubeba maziwa nilimwombea mimi mwenyewe mbele yenu, akina mama.

Mlikuwapo wakati mwenyekiti wetu, Mama Njeri wa duka, aliposimama Ijumaa hiyo jioni. Alisema, "Kogo, hakuna anayewafukuza. Lakini Jumatatu, hiyo sufuria yenu ikichemka tena, maziwa tunampa mwenye pikapu." Mkacheka kwa sababu ya hilo jina la sufuria. Mimi sikucheka. Akaongeza kwamba tukienda mjini kutengeneza turudi na magunia sita ya unga wa ng'ombe wa kikundi, ionekane kama itapanda kilima na mzigo.

Fundi wetu wa hapa sentani, kwenye maduka, aliiangalia usiku huohuo, nyumbani kwangu, akasema feni ya kupoza injini haizunguki na yeye waya za feni hazijui. Alitutuma kwa fundi wa umeme Pioneer, mtaa ulio ng'ambo ya mji. Lakini mimi nilikuwa na maelezo yangu tayari: ni Jeptoo. Anavuta mafuta kama mtu anayefukuzwa. Nilimwambia hivyo asubuhi, nikamwambia jioni, na nilikuwa nimejipanga kumwambia njia nzima.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi, hata ng'ombe walikuwa wanatoa moshi mdomoni. Kabla ya kupanda nilikaza mafundo ya gunia lililo mbele ya injini. Niwaeleze hilo gunia. Mwezi wa saba, baridi ilipozidi, pikipiki ilikuwa inakataa kuwaka asubuhi. Nikakata gunia la mbolea, nikalikunja mara mbili, nikalifunga pale mbele kwa kamba, vile tunavyofunika ndama akizaliwa kwenye baridi. Tangu siku hiyo ikawa inawaka mara moja, na matope hayairukii injini. Niliridhika sana na hiyo kazi. Nilikuwa nalifua kila mwisho wa wiki, na usiku ule fundi wetu alipokuja lilikuwa kwenye kamba linakauka.

"Kogo, leo tuiache hiyo gunia," Jeptoo akasema.

"Wewe unalala na blanketi?"

"Nalala."

"Basi. Washa twende."

Akawasha. Mimi nilikaa nyuma yake, kwenye kile kiti cha abiria, sanduku likiwa tupu nyuma yetu.

Saa moja hivi tulifika kwenye lami. Kwenye murram, barabara ya udongo mwekundu, tulikuwa tumeenda polepole kwa sababu mvua ya juzi ilikuwa imechimba barabara, na tairi ya mbele ilikuwa inatupa matope yote kwenye gunia. Nikajisifu moyoni. Lami ni raha. Upepo ulikuwa unapita, injini inalia vizuri, na nikamwambia Jeptoo, "Unaona? Ukiendesha kama mtu, haichemki." Mabega yake yakapanda. Jeptoo akinyamaza hunyamaza na mabega, mnamjua.

Saa mbili na nusu, Kimumu, karibu kuingia mjini. Lori la mbao lilikuwa limekwama katikati ya barabara, magari yamepangana mpaka huku. Tulisimama, tukasonga kidogo, tukasimama tena. Dakika kumi hazikuisha, mvuke ukaanza kutoka chini ya miguu ya Jeptoo. Akazima, tukaisukuma hadi kando mbele ya mama mmoja anayepika mandazi.

"Mmeleta sufuria yenu? Mafuta yangu yanatosha mandazi tu," huyo mama akatuambia.

Kwa hivyo hilo jina limetutangulia mpaka Kimumu. Nilishuka, nikataka kufungua kifuniko cha rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, niongeze maji, na Jeptoo akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Hapana, Kogo. Itakurukia usoni. Tungoje ipoe."

"Ningekuwa naendesha mimi, tungekuwa tunangoja?"

"Tungengoja pia. Kaa chini unywe chai."

Yule mama alitupa viti na chai na mtungi wa maji, akakataa kusikia habari ya shukrani, akasema ana dada Moiben anayekamua ng'ombe wawili. Tulikaa mpaka mkono ukaweza kugusa chuma. Ndipo Jeptoo akafungua kwa kitambaa, polepole, akaongeza maji. Maziwa yangekuwepo siku hiyo, yangekuwa yameharibika kwa mara ya tatu. Nililifikiria hilo njia yote ya kupita mjini.

Saa nne tulifika Pioneer. Fundi anaitwa Odhiambo, ametoka upande wa ziwa miaka mingi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Kibanda chake kiko kati ya mchomeleaji wa mageti na mama wa mboga. Waya zinaning'inia kila mahali, lakini chini kumefagiwa. Mtu anayefagia namwamini.

"Karibu, Mama. Inasumbua nini?"

"Feni haizunguki. Na huyu anavuta mafuta sana."

"Tuanze na feni," akasema.

Aliiwasha, akaiacha ingurume. Mpaka ikawa moto wa kutosha, feni kimya. Akalala ubavu upande wa kushoto wa injini, akachomoa waya mbili kutoka kwenye kitu kidogo cha shaba kilichokazwa kando ya rejeta. Akazigusanisha. Feni ikazunguka, vuuu, mpaka vumbi likaruka.

"Feni ni nzima," akasema. "Hii ndogo ndiyo imekufa. Kazi yake ni kusikia joto. Maji yakipata moto, yenyewe inaunganisha hizi waya, feni inawaka. Sasa haisikii kitu. Ya kubadilisha inatoka Nairobi, wiki ijayo ukibahatika."

"Wiki ijayo sisi hatuna kazi tena," nikamwambia. "Jumatatu asubuhi ndiyo hukumu."

"Basi nitawawekea swichi ya mkono. Mtawasha feni wenyewe."

Hapo nilifurahi, nikamwonyesha kiti changu cha nyuma. "Iweke hapa chini, upande wangu wa kulia."

Fundi aliangalia kiti, akaniangalia. "Mama, wewe ndiye unaendesha?"

"Mimi ndiye ninayekumbuka."

"Na siku ukikaa nyumbani?"

"Sikai nyumbani."

Jeptoo alikuwa anaangalia mageti ya jirani kama anataka kununua. Fundi hakubishana nami. Alisema tu kwamba kabla ya waya anataka kujua ni nini kiliua hiyo ya shaba, kwa sababu pikipiki bado mpya, haikutakiwa kuchemka kiasi hicho. Akazunguka mbele. Gunia lilikuwa limejaa matope, limekauka likafanana na ngozi. Akalipiga kwa spana.

"Hii ni nini? Nani amefunga gunia kwa rejeta?"

"Ni mimi," Jeptoo akasema.

Fundi akamgeukia. "Wewe dada! Hapa ndipo injini inapumulia. Hata feni ikizunguka itavuta nini? Umeiziba pua halafu unaipandisha mlima na mzigo. Ndiyo maana imechemka mpaka ikapika hii ya shaba. Umeenda shule, si umeenda?"

Nilimwacha aseme yote hayo. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikamwacha mtoto asemwe kwa kazi ya mikono yangu. Haukuwa muda mrefu, labda wa kuvuta pumzi mara tatu, lakini nawaandikia kila kitu kilivyokuwa, na hilo lilikuwa.

"Wacha kumgombeza," nikasema. "Ni mimi niliyefunga. Yeye alitaka litolewe, nikakataa. Hata leo asubuhi alisema."

Fundi akavua miwani. "Wewe, Mama?"

"Nilifikiri inasikia baridi. Kama ndama."

"Ndama hajichemshi, Mama."

Mama wa mboga alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine. Nilimuuliza Jeptoo kwa Kikalenjin kwa nini alidanganya. Akanijibu kwa Kiswahili, wote wasikie: "Kogo, ningesema ni wewe, ningesikia hilo mpaka Krismasi."

Ni kweli. Nilichukua kisu cha fundi nikakata ile kamba mwenyewe.

Saa tano hadi saa saba alifanya kazi, na mimi nilikaa karibu nikiuliza. Akina mama wengine mna pikipiki za namna hii, kwa hivyo sikilizeni. Kwanza alitoa waya wa betri, ndipo akashika zingine. Umeme wa swichi hakuutoa kwa betri moja kwa moja. Aliutoa kwenye waya unaoamka ukigeuza ufunguo, akatia fyuzi karibu na pale alipouanzia. Nilimuuliza kwa nini azunguke hivyo na betri iko hapo.

"Kwa sababu mtasahau," akasema. "Mtaegesha kanisani feni inazunguka, mtoke ibada betri imekufa. Hivi, ukitoa ufunguo, kila kitu kinalala."

Kisha alifunga kisanduku cheusi chini ya kiti, kinaitwa rilei. Hicho ndicho kinabeba umeme mwingi wa feni, swichi inakiamuru tu, ili isiungue. Zile waya mbili za zamani hakuzikata. Alizirudisha mahali pake, ili siku ile ya shaba ikifika kutoka Nairobi ifanye kazi yake, na swichi ibaki ya akiba. Kila kiungo alikilehemu kwa risasi, akakifunga tepu, akapitisha waya mbali na bomba la moshi.

Alipobaki na swichi mkononi, alisimama akanitazama. Jeptoo pia alinitazama.

"Weka mahali kidole chake kinafika," nikasema.

Akaiweka kwenye usukani, upande wa kushoto, karibu na kidole gumba, na taa ndogo nyekundu juu yake ya kuonyesha feni inazunguka. Akamfundisha Jeptoo, si mimi: ukipanda mlima, washa kabla ya kuanza kupanda, usingoje ichemke. Ukisimama kwenye foleni, washa. Barabara tupu yenye upepo, zima, betri ipumzike, hasa asubuhi ukiwa na taa. Na maji ya rejeta uangalie kila siku ikiwa baridi. Jeptoo alirudia yote bila kukosea. Sikujua kama anaweza kushika mambo hivyo. Labda ni kwa sababu huwa simwachi amalize kusema.

Saa nane tulipakia magunia sita ya unga wa ng'ombe mjini, tukafunga kamba, tukashika njia ya kurudi. Kimumu foleni ilikuwepo tena, lori lingine. Taa nyekundu ya feni ikawaka. Tulipita mbele ya yule mama wa mandazi bila mvuke, akatupigia makofi na mwiko.

Saa kumi kasoro tulifika chini ya kilima cha kanisa. Mnakijua kilima chenyewe, na mlikuwa mmekaa kule juu ukutani, Mama Njeri katikati, kama watu wanaongoja mbio. Sanduku lilikuwa zito mpaka tairi ya mbele ilikuwa inataka kuinuka. Nilifungua mdomo niseme, "Feni!" Taa ilikuwa imeshawaka. Iliwaka tangu kwenye daraja lililo kabla ya kilima, na mimi sikuona kwa sababu nilikuwa naangalia ukuta. Nikafunga mdomo. Tulipanda kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anayetembea, na nilikuwa nasikia injini inalia na feni inalia chini yake. Pale iliposimama Jumanne tukapita. Pale iliposimama Ijumaa tukapita.

Juu, Mama Njeri alishuka ukutani, akazunguka pikipiki, akainama mbele.

"Leo hamjapika kitu?"

"Hatujapika," nikasema.

"Na ile nguo iliyokuwa hapa mbele?"

"Nimeitoa. Ndiyo iliyokuwa inaichemsha. Nilifunga mimi, si Jeptoo, na maziwa ya siku mbili yaliharibika kwa ajili yangu. Mwenye la kusema aniambie mimi."

 Mama Njeri alimgeukia Jeptoo, akamuuliza hiyo swichi inawashwa na nani.

Jeptoo alinitazama kwanza, kama anayengoja ruhusa. Nikaangalia kanisa.

"Ni mimi," akasema.

"Basi Jumatatu saa kumi na mbili uwe kwangu. Mikebe itakuwa tayari."

Sasa ni wiki ya pili na hakuna maziwa yaliyorudi. Jeptoo ananipita hapa kila asubuhi, na mimi niko mlangoni na sisemi kitu, kazi ambayo ni ngumu kuliko kukamua. Lile gunia nimelifua, nimelitandika hapo kwenye kizingiti. Mkija, futeni miguu.