Mzizi Uliopiga Kona

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, na kila nikiona alizeti imelala chini, inanirudia. Mimi na baba yako tulikuwa tumeoana karibuni, hapa hapa Ilongero. Mama mkwe alitupa shamba lake la bondeni tuanzie maisha. Likizaa vizuri, tungejenga kwetu. Likikataa, baba yako angeenda mbali kutafuta kibarua, na mimi tayari nilikuwa na mimba ya kaka yako.

Wenzetu hulaza ng'ombe shambani kiangazi, ardhi ikiwa kavu, ili wapate samadi. Sisi tulichelewa. Tukaomba ng'ombe wa jirani mvua zikiwa zimeshaanza.

Mama mkwe alikuja akasimama kandokando, ndala mkononi.

"Udongo unanata miguuni, nyie mnaleta mifugo?"

"Mama, mbolea imekuja yenyewe kwa miguu," baba yako akamtania.

"Na miguu hiyo ina kwato, baba." Akaenda zake.

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, maana kichwani mwangu nyumba nilishaiezeka bati.

Baadaye tukakwangua juu juu kwa jembe, tukapanda. Alizeti ikanipita kimo, tukawa tunapita kuitazama kama watu wa arusi. Ila vichwa vilipoanza kuwa vizito, upepo wa mchana mmoja ukailaza karibu yote.

Tuling'oa shina moja. Mzizi ulikuwa umeshuka kiasi cha kiganja, ukakuta udongo uliokandamizwa na kwato mpaka ukawa kama sakafu. Unajua, ncha ya mzizi ni laini. Inasukuma kwenda chini, ila ikikuta pagumu inanenepa, inahangaika kutafuta ufa, na ikiukosa inapiga kona. Wetu ulitambaa pembeni, haukushika kitu. Ng'ambo ya njia, kwa jirani, mizizi ilishuka wima kama vigingi, na alizeti yake ilisimama.

Mama mkwe hakutusema. Alikuja na ungo, akatusaidia kuokota vichwa, vingi vikiwa mapepe, bila mbegu ndani. Afadhali angetusema.

Baba yako akaenda Mitundu kutafuta kibarua. Aliporudi, kaka yako alishajua kuongea. Mtoto alimkuta baba yako mlangoni, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," baba yako akaitikia, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Hasara ya alizeti nilishaisahau, mwanangu. Hilo bado sijalisahau.

Basi nakuomba, udongo ukiwa mbichi usiingize mifugo, hata kama umechelewa. Samadi ibebe kwa mkokoteni. Kabla ya kupanda, choma ardhi kwa kijiti. Kikigoma, lima kwenda chini zaidi. Na aliyelima hapo kabla yako akikukataza jambo, muulize sababu kwanza, utacheka baadaye.

Mungu akulainishie ardhi utakayoishika, na wanao wakue wakikuona kila siku.