Kijiko cha Maji

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Bibi Uzi husimama dirishani na kutunga uzi kwenye sindano. Bila miwani. Uzi ukipita mara ya kwanza, anacheka peke yake na siku inaanza. Ukigoma, analaumu mwanga, analaumu uzi, analaumu hata jirani aliyeanika shuka mbele ya dirisha. Siku hizi shuka la jirani limelaumiwa sana.

Alishona sare za shule tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Wenzake kazini walimuaga kwa keki, naye akarudi nyumbani na mikono isiyojua kutulia. Ndipo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipomvuta kwenye kundi la akina mama wanaoshona pedi za kufua, za kupelekwa ng'ambo kwa wanawake wasio na uwezo wa kununua za dukani. Kundi hukutana ukumbini nyuma ya maktaba. Meza ndefu, cherehani zimepangwa ukutani, pasi inayovuja, na birika la chai lisilopoa.

Bibi Uzi hakukawia kuwa fundi wao. Pedi ina tabaka tatu: juu kitambaa laini kinachogusa mwili, katikati flaneli inayonyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji. Ukikosea mpangilio umeshona balaa. Kwa hiyo alileta sheria yake mwenyewe: kila pedi imwagiwe kijiko cha maji, na apime jirani wa mezani, si aliyeishona.

"Kwa nini nisipime zangu mwenyewe?" nesi mstaafu, mkuu wa kundi, alimuuliza.

"Kwa sababu utazihurumia. Binti akivaa hii darasani hatakiwi hata kukumbuka kwamba ameivaa. Akiikumbuka, basi sisi tumemwaibisha."

Jirani wa Bibi Uzi mezani alikuwa wifi. Wifi alimwaga maji, akainama, akatangaza, "Zimekunywa zote! Zina kiu kama kaka yangu siku ya mshahara."

"Mwache mume wangu apumzike huko aliko, mchokozi wewe."

Ukumbi mzima ulicheka.

Kisha likaja jora jipya la kitambaa cha chini, rangi ya bluu iliyoiva, sawasawa na kitambaa cha juu. Wenzake walivitofautisha kwa kuvigeuza kwenye mwanga. Bibi Uzi alivipapasa tu. Miaka yote vidole vyake ndivyo vilivyokuwa macho yake. Hakumwambia mtu kwamba ncha za vidole hivyo zilikuwa zimeanza kufa ganzi, kwamba sufuria ya moto aliijua kwa harufu kabla ya kuihisi. Aliendelea kushona, na wifi aliendelea kutangaza kwamba zimekunywa.

Siku moja aliondoka mapema, akafika karibu na kwake, akakumbuka mwavuli. Akarudi. Wenzake walikuwa wameshatawanyika. Wifi peke yake alikuwa bado amekaa, wembe mkononi, anafumua pedi. Rundo lilikuwa mapajani.

Bibi Uzi aliutambua mshono. Mshono wake angeutambua hata usingizini.

"Wifi, unafanya nini?"

Wifi aliruka, nusura ajikate. "Jamani! Unanyata kama paka! Ah... nyuzi tu, nyuzi zilikuwa zimelegea."

"Mshono wangu umelegea lini?"

Bibi Uzi aliokota pedi ambayo haijafumuliwa, akailaza mezani, akachukua kijiko kwenye sinia la chai. Akamwaga maji. Maji yakasimama juu ya kitambaa, yakang'aa kama jicho. Alipoinua pedi kidogo, yakateleza yote yakalowesha meza. Hakuna hata tone lililozama.

"Ni zote?"

"Si zote," wifi alisema taratibu. "Nyingi. Tangu lije lile jora. Nazifumua, nageuza tabaka, nazishona upya nyumbani. Si kazi, wifi yangu. Nilijua nikikwambia utaondoka."

"Na ukiugua wiki moja? Nani atazifumua?"

Wifi alifuta meza kwa kiganja.

"Utakunja," alisema mwishowe. "Utapiga pasi. Utakaa utupigie soga."

"Nikikaa karibu na cherehani nitashona tu. Unanijua."

"Nakujua, kichwa ngumu."

Bibi Uzi alivuta kiti, akachukua wembe wa pili. Walifumua pamoja rundo lote, wakisengenya pasi inayovuja na keki aliyoleta nesi, ngumu kama sabuni. Walipomaliza, alifuta cherehani yake, akaitia mafuta, akaifunika. Akavua kastabini kidoleni, ile kofia ndogo ya chuma iliyomkinga na sindano miaka yote, akamvisha wifi.

"Inanipwaya," wifi alisema.

"Utanenepa. Na zako nani atazipima?"

"Nesi."

"Asikuhurumie."

Akachukua mwavuli wake.

"Wiki ijayo uje, basi! Hata chai tu!" wifi alipaza sauti nyuma yake.

Aliinua mkono bila kugeuka. Akashuka ngazi taratibu, kiganja ukutani, akaingia kati ya watu waliokuwa wakitoka makazini. Ukumbini hakurudi tena.