Neno Nililomsomea Jirani

Nilikuwa darasa la sita, nimerudi nyumbani Nyasho likizo, na mtaani nilisifiwa kwa Kiingereza. Sifa ile niliipenda mno.

Jumamosi mchana jirani yetu, mke wa fundi cherehani, alinijia na chupa ndogo ya dawa. Binti yake wa miaka miwili alikuwa anaumwa jicho, limevimba, linatoa usaha. Daktari Mzungu aliyekuwa safarini alikuwa amempa mumewe dawa ile kule kwenye duka alikoshonea, mtaa wa Mukendo, akaondoka. Kiswahili hakujua.

"Nisomee, mwanangu."

Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa iliandikwa *administer*, kisha tone moja kila saa mbili. Tone na saa niliyajua. *Administer* nililijua kutoka bomani tu, kwenye ofisi za serikali alikokuwa tarishi baba yangu. Lilifanana na cheo cha afisa mkubwa, *Administrative Officer*. Ningeweza kusema sijui. Sikusema.

"Hii dawa ya serikali, mama. Lazima itolewe na mtu wa boma. Ukimtia mwenyewe ni kosa."

"Na boma limefungwa?"

"Mpaka Jumatatu."

Akaiweka chupa juu ya kabati. Siku mbili mtoto alilia, nami nikimsikia ng'ambo ya ukuta.

Jumatatu tuliongozana hadi bomani. Karani alisoma, akacheka. "Maana yake mpe mgonjwa dawa. Basi! Hata wewe mama unaweza."

Mama yule hakucheka. Alichuchumaa palepale barazani akamtia mtoto tone la kwanza. Usaha ulikauka baada ya siku chache, lakini katikati ya jicho pakabaki doa jeupe, na jicho lile halikuona tena.

Mumewe, aliyekuwa amesafiri siku zile, aliambiwa na mkewe kwamba dawa haikufaa. Nilijua amenisitiri.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwendea kuomba radhi. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa.

"Wewe ulikuwaga mtoto," alisema. "Mimi ndiye mama. Dawa iko juu ya kabati, mwanangu analia, mimi naogopa serikali."

Nilitamani anitukane. Tulichambua dagaa pamoja mpaka zikaisha.

Binti yake ameolewa Bunda. Nikimtembelea hugeuza uso mzima ili anione vizuri, kisha hunikaribisha kwa furaha. Mama yake hakumwambia. Mimi pia sijamwambia.